Arusha hadi Kolo: wapi pa kusimama, wapi pa kupita

Tangu lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, wengi wanaotoka Arusha kwenda Dodoma hawasimami ila kwa mafuta na chakula. Wanapoteza mengi. Hiki ni kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini ya enzi za Waingereza, iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo, na kutoka Arusha hadi Kolo, kijiji chenye michoro ya kale ya miambani, takriban kilomita 250, kina vituo vya kujaza siku mbili. Ukibana yote kwenye siku moja, kitakachoachwa ni Kolo, na Kolo ndiyo yenye thamani kuliko vingine vyote.

Mnara wa Saa wa Arusha unatosha dakika kumi. Inasemwa kwamba uko katikati ya Cape Town na Cairo. Kwa latitudo, katikati huangukia karibu digrii 2 kusini mwa ikweta, maeneo ya Kajiado, Kenya. Arusha iko kwenye digrii 3 na ushei. Si mbali, lakini si hapo hasa. Piga picha, kisha nenda Makumbusho ya Azimio la Arusha, Barabara ya Makongoro. Jengo ni lile lile ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967, kabla Azimio halijatangazwa tarehe 5 Februari. Ni padogo, na picha za zamani ndizo zenye uzito, kwa hiyo soma maelezo yake taratibu. Mnara wa Mwenge uko kwenye kipilefti cha jirani, hauhitaji gari. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni.

Bustani ya nyoka ya Meserani iko kilomita 25 hivi magharibi mwa mji. Koboko, swila, kifutu na mamba wote wapo. Usiwahi mno, hasa Juni na Julai: nyoka hutegemea joto la nje, na asubuhi ya baridi utakuta wengi wamejikunja bila kutikisika. Zunguka na mwongozaji; bila yeye ni vizimba tu, na kutofautisha swila na nyoka asiye na sumu ni elimu inayofaa hata shambani.

Makuyuni, wanaokwenda Ngorongoro huchepuka kulia. Wewe nyoosha. Mlima utakaouona upande wa kushoto ni Lolkisale, ambako, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walishindwa Aprili 1916 na jeshi la van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini aliyepigania Waingereza. Jeshi hilo liliendelea hadi Kondoa, likanaswa huko na masika. Hakuna bango la kukueleza haya, na ni upungufu mkubwa kwa barabara yenye historia kama hii. Minjingu, kwenye machimbo ya mbolea, utaiona ukiwa garini: fosfati ya mbolea yake imetokana na mabaki ya ndege wa majini, enzi Ziwa Manyara lilipokuwa kubwa zaidi.

Lala Babati. Jaza tangi hapo, toa fedha taslimu, na jioni nenda ziwani kutazama viboko ukiwa na mwenyeji anayejua wanapotokea. Usisogelee ukingo giza likiingia, kwani ndio muda wao wa kutoka majini kwenda malishoni.

Kolo iko kilomita zipatazo 80 kusini mwa Babati, baada ya mwinuko wa Bereku ambako ukungu wa asubuhi huficha malori. Simama kwanza kwenye ofisi ya Mambo ya Kale kando ya barabara, ulipe na upewe mwongozaji. Usijipeleke mwenyewe mlimani. Michoro ya Kondoa Irangi iko kwenye mapango na miamba zaidi ya 150, imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na wenyeji bado hufanya matambiko kwenye baadhi ya maeneo hayo. Njia ya kwenda Mungomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo hayo ya michoro, ni ya vumbi na mawe, na mvua ikinyesha gari dogo halifiki. Mwisho ni kupanda kwa miguu, mwinuko mkali. Viatu vya kushika na lita mbili za maji kwa kila mtu.

Michoro myekundu ya watu wembamba warefu, twiga na pofu ndiyo ya kale zaidi. Myeupe ilikuja baadaye, mingine juu ya ile myekundu. Mpe mwongozaji muda akuoneshe tabaka hizo, maana jicho geni huona madoa tu. Usimwagie maji ili rangi ing'ae kwenye picha: maji hubeba chumvi, yakikauka huacha utando unaoficha mchoro na kuubandua.

Kurudi, ondoka Kolo kabla ya saa nane mchana. Vijiji vyote vina kibao cha 50, askari wa tochi wapo, na jioni ng'ombe huvuka kutoka machungani.