Kichwa cha treni cha Mjerumani nilichookota kwenye mtumba Tabora, nimekaa nacho miezi 2

Kwanza nieleze nilikipataje maana najua mtauliza. Kuna mama anauza midoli ya mtumba sokoni, anamwaga belo kwenye turubai afu we unachambua mwenyewe, siku hiyo nilikuwa natafuta kigari cha remoti cha mtoto nikakuta kitu kirefu rangi ya damu ya mzee kimelala chini ya madoli, nikakinyanyua, kizito balaa, nikajua hii sio plastiki tupu. Mama akasema 40,000, nikacheka, akaniambia "we mwanangu shika uzito kwanza ndo ucheke". Tukamalizana kwa 25,000 na mfuko wa vipande vya reli juu, 7 vya kunyooka na 8 vya kona.

Ubavuni kimeandikwa 05 002. Usiku nikaingia mtandaoni kuangalia namba hiyo ni ya nini, yaani sikulala. Kumbe ni mfano wa injini ya mvuke ya ukweli, ilitengenezwa na Borsig, Ujerumani, mwaka 1935, na zilikuwepo 3 tu duniani maana ilikuwa ni majaribio. Walishakuwa na treni ya dizeli ya Berlin kwenda Hamburg toka 1933 inayogonga kilomita 160 kwa saa lakini ina viti 98 tu, sasa watu wa mvuke wakasema subirini, sisi tutavuta mabehewa kamili na tutakimbia zaidi. Na kweli, tarehe 11 Mei 1936 hiyo 002 yenyewe, yenye namba kama ya kwangu, ikafika kilomita 200.4 kwa saa ikivuta mabehewa. Kwa mvuke! Makaa ya mawe na maji! SGR yetu ya umeme ya Dar hadi Dodoma iliyoanza 2024 inaenda 160 (na naipenda, msinielewe vibaya, Tabora tunaisubiri kwa hamu). Waingereza na injini yao ya mvuke, Mallard, wakaja kuipita kidogo Julai 1938, ila wao walikuwa kwenye mteremko, Mjerumani alikuwa tambarare. Mi hapo niko upande wa Mjerumani, ndo hao hao waliotuletea reli Tabora 1912 na Kigoma 1914.

Haya turudi kwenye bidhaa. Mwonekano nakipa kumi kwa kumi. Kimevalishwa koti la bati kuanzia usoni mpaka nyuma kwenye tenda (kile kibehewa cha makaa na maji), hadi magurudumu yamefunikwa, huoni bomba la moshi likichomoza wala nini, kama sabuni ya mche iliyoanza kutumika. Na hilo koti sio urembo. We panda boda barabara ya Nzega jaketi lako halina zipu afu mwambie dereva aongeze mwendo, utajua upepo ni nini, ukizidisha spidi mara mbili upepo unakusukuma mara nne. Kipimo chake pia kiko sawa, ni 1 kwa 87, yaani injini halisi ni kubwa mara 87, nimepima na rula. Upana wa reli milimita 16.5, ukizidisha unapata reli ya mita 1.435, yaani upana wa SGR sio hii yetu ya mita moja. Gurudumu kubwa kwenye injini halisi lilikuwa na kipenyo cha mita 2.3, linampita mtu mrefu, maana gurudumu likizunguka mara moja injini imeshakula kama mita 7 na kidogo bila pistoni kupiga haraka haraka. Humo ndani silinda 3 na presha ya bar 20, wakati tairi la gari dogo ni bar 2 na ushee tu, fikiria mwenyewe.

Sasa kutembea. Siku ya kwanza hakikutembea kabisa, grisi ilikuwa imeganda kama gundi. Mi ni fundi redio na simu kwahiyo nikakifungua, nikasafisha kwa pamba za masikio na mafuta ya taa, brashi za mota bado zilikuwa na uhai, nikatia oili ya cherehani, nikaunga waya mbili kwenye betri ya pikipiki ya volti 12. Kikaondoka! Mtoto alipiga kelele majirani wakaja.

Shida ni kona. Kwanza vile vipande 8 havitoshi kufunga duara, pili hata vikitosha ni kona kali za injini fupi, na hiki ni kirefu kama sentimita 30 afu ile sketi ya bati, yaani lile koti kwa chini, inabana magurudumu ya mbele na ya nyuma yasigeuke vizuri, kikifika pale kinalala ubavu. Nimejaribu mara 20 hivi. Vipande vya kona pana hapa Tabora hakuna, usihangaike kuulizia. Kwahiyo kwangu kinaenda mita moja na nusu ya kunyooka kinarudi, kinaenda kinarudi, kama boda anayetafuta abiria saa nane mchana. Kwa simu nimepima kinatumia sekunde 3, ukizidisha kwa 87 ni kama kilomita 157 kwa saa, yaani sijaifikia hata SGR, nadhani mota imechoka.

Afu kuna baba mkubwa wangu, yeye alichochea moto kwenye injini za mvuke hapa hapa reli ya kati enzi za East African Railways, zile zilizopewa majina ya makabila. Nikampelekea nikijua atafurahi. Shikamoo baba, marahaba, akavaa miwani, akakigeuza geuza, akauliza "sasa hapa mtu anatia wapi oili?" Nikamwambia baba hii ilikimbia 200. Akasema sawa, imekimbia, lakini ikisimama stesheni sisi tulikuwa tunashuka na kopo la oili tunagusa kila beringi kwa mgongo wa mkono kusikia joto, hii sketi nani kaivalisha? Sikuwa na jibu.

Nikarudi kusoma, kumbe mzee kasema kweli, baada ya vita zote 3 zilirudi kazini miaka ya 50 zikiwa zimevuliwa koti, zikafanya kazi mpaka 1958. Ile 003 ndo ilikuwa kituko zaidi, dereva alikaa mbele kabisa na makaa yalisagwa unga yapelekwe mbele, ikawasumbua wakaigeuza ikawa ya kawaida. 002 na 003 zilikatwa chuma chakavu 1960, iliyobaki ni 001 tu, iko makumbusho ya Nürnberg na koti lake karudishiwa.

Basi nikatafuta skrubu, ziko 4 kwa chini, nikavua sketi. Mwonekano umeshuka, sio siri, sasa hivi kama kuku aliyenyonyolewa. Lakini vyuma vya pembeni vinaonekana vikipiga, na kona sasa kinapita, polepole lakini kinapita. Koti nimelihifadhi kwenye kopo la maziwa.

Kwa 25,000 nashauri ununue ukikikuta, ila uwe na bisibisi ndogo na mafuta ya taa, na kama ni zawadi ya mtoto wa chini ya miaka 8 achana nacho, atakuvunjia vile vyuma siku hiyo hiyo. Baba mkubwa anakuja kila Jumapili baada ya chakula, anakaa na kopo langu la oili ya cherehani mkononi, mtoto haruhusiwi kugusa mpaka yeye amalize.