Miezi minane na kidhibiti joto kwenye tangi langu la matumbawe, Mwanza

Nyumba yangu iko Bugarika, imekaa juu ya mwamba kama nyumba nyingi za huku mlimani. Mchana bati linachoma na mawe yanakusanya joto. Ikifika saa tisa sebule inakuwa tanuri. Halafu kuanzia Juni hadi Agosti, alfajiri unatafuta blanketi. Mtu atavaa sweta. Tumbawe halina pa kukimbilia.

Tangi langu ni la lita 120, lina samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe na vipande vya matumbawe laini vya kuoteshwa, nilivyoletewa kutoka Dar es Salaam. Mwanzoni nilitegemea hita moja ya wati 200 yenye kitufe chake cha nyuzi joto. Niliiamini. Jumapili moja natoka ibadani, nagusa kioo: cha moto. Kipimajoto kinasoma 31. Hita ilikuwa imegoma kuzima. Samaki wanahema juu juu, maana maji yakipata joto hayashiki oksijeni ya kutosha, na matumbawe yamejikunja kama ngozi iliyoanikwa. Ndani ya wiki vipande vitatu vilikuwa vyeupe kabisa. Vile vijimea vinavyoishi ndani ya tumbawe na kulilisha vilishatoka. Ndicho kilichoyapata matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998 bahari ilipopata joto. Mimi nilikiona sebuleni kwangu, na kiliniuma.

Hapo ndipo nikaagiza kidhibiti joto, Inkbird ITC-308. Ni kisanduku chenye soketi mbili, moja ya kupasha na moja ya kupoza, na waya wenye sensa inayozama majini. Nimekitegesha 25.5, tofauti nusu nyuzi kila upande: maji yakishuka hadi 25 hita zinawaka, yakifika 26 feni inaanza. Zamani asubuhi nilikuta 23 na alasiri 29. Watu wanabishana sana kama 25 ni bora kuliko 27. Kwa nilivyoona, zote zinafaa. Kinachochosha matumbawe ni kupanda na kushuka kila siku.

Hita nazo nimebadilisha, sasa ni mbili za wati 50. Moja ikigoma kuzima haina nguvu ya kuchemsha tangi zima, ikifa mwenzake anashika.

Feni ni ndogo tu ya kompyuta, inapuliza juu ya maji na kuyapoza kwa kuyafanya yawe mvuke. Kwa hiyo naongeza karibu lita mbili kila siku, maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Usipofanya hivyo tangi linazidi kukolea. Masika hewa inakuwa nzito na feni inalemewa, maji yanafika 27. Sijaona haja ya kununua mashine ya kupozea kwa hali ya hewa ya Mwanza.

Umeme ukikatika kisanduku kinalala, hivyo feni na pampu ya hewa nimeziunganisha na betri ya sola.

Kitu kimoja kinanitia hofu: sensa ikichomoka ikaning'inia nje, itapima baridi ya alfajiri na kuwasha hita bila kukoma. Yangu nimeibana kwenye kioo mbali na hita, naikagua kila asubuhi kabla ya chai, na vitufe vya hita zenyewe nimeviacha 27 ili zijizime maji yakifika hapo.