Kioo kinachoungana na simu au Garmin? Nimevitumia vyote kwenye pikipiki, Unguja na Pemba

Kazi yangu ni ufundi wa viyoyozi na mafriji, nakaa Mwanakwerekwe, na wateja wangu karibu wote hawana anwani. Hoteli kubwa hazisumbui, kila dereva wa daladala anazijua. Kinachosumbua ni hizi nyumba za kukodisha wageni zinazoota kila siku Jambiani, Bwejuu, Matemwe na Pwani Mchangani. Nyumba mpya nyuma ya nyumba mpya, njia ni mchanga na mawe, mwenyewe yuko Dar au Italia, na mlinzi aliyeanza kazi juzi hajui hata jina la nyumba anayoilinda. Unachopewa ni lokesheni ya WhatsApp, basi.

Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wakilinganisha GPS ya pikipiki kama Garmin, yenye ramani ndani yake, na vioo vinavyoungana na simu, yaani skrini ya usukani inayoonyesha ramani ya simu, huanzia kwenye setilaiti, ung'avu wa kioo na bei. Hayo yana nafasi yake. Ila kwa huku kwetu swali la mwanzo ni hili: lokesheni imeshaingia kwenye simu, itafikaje mbele ya macho yako bila kuhangaika?

Vyote viwili nimevifunga kwenye pikipiki ile ile ya cc 150, yenye sanduku la vifaa nyuma na mara nyingi mtungi wa gesi juu yake.

Garmin zumo XT nilipewa na binamu yangu anayeishi London, alipokuja likizo akaona ninavyosimama kila njia panda kutoa simu mfukoni. Toleo hilo lilitoka 2020, na jipya lilikuwa linauzwa kama dola 500 za Kimarekani. Mwenyewe nisingelinunua, fedha hiyo kwangu ni pampu ya vakyumu na mitungi ya gesi. Lakini kifaa ni kifaa. Kioo chake cha inchi 5.5 kinasomeka saa saba mchana barabara ya Paje, jua liko utosini. Kinakubali kidole chenye glavu. Kwa maji kina kiwango cha IPX7, maana yake kinaweza kuzama mita moja kwa nusu saa maji yasiingie. Mvua ya masika imekinyeshea kati ya Tunguu na Jozani hadi mimi mwenyewe nikatafuta banda la kujibanza, chenyewe kinaendelea kuonyesha njia pale kwenye usukani kama hakuna kilichotokea.

Shida yake ni ramani. Kilinunuliwa Uingereza kikaja na ramani za Ulaya, na nilipokiwasha nyumbani Unguja ilikuwa umbo tupu lisilo na njia hata ya kwenda Fuoni. Ziko ramani za kulipia, Tracks4Africa ndiyo inayojulikana kwa wasafiri wa bara hili. Mimi nilipakua ya bure iliyotokana na OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, nikaitia kwenye kadi ya kumbukumbu nikaichomeka. Na ramani ya Zanzibar kule si ya kubeza. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, SUZA, walirusha droni kupiga picha visiwa vyote viwili, na picha za namna ile ndizo zinazompa mchoraji uwezo wa kuona nyumba moja moja na vijia vya shamba ambavyo setilaiti ya kawaida huviona kama ukungu. Sasa, nyumba ya mteja wangu imejengwa baada ya hapo. Haina jina kwenye ramani yoyote. Ninachoweza kuipa Garmin ni nambari za latitudo na longitudo.

Hapo ndipo mapenzi yetu yalipoanza kupungua. Lokesheni inaingia. Unaifungua kwenye simu, unabonyeza nukta na kushikilia hadi nambari zitokee, mfano -6.32 na tarakimu nyengine nne nyuma yake, halafu 39.55 na nyengine nne. Unageukia Garmin, unakuta inataka digrii na dakika, unatafuta kwenye mipangilio pa kubadilisha iwe desimali. Unaanza kuchapa moja moja, mguu mmoja chini kando ya barabara, daladala zinakupigia honi. Alama ya kutoa haimo, inabidi uchague S, yaani kusini. Ukiiacha kwenye N, kaskazini, inakutafutia njia ya kwenda kusini mwa Ethiopia na wala haishangai. Najua kuna programu yao ya kuiunganisha na simu. Lakini ukishaiunganisha na simu, ile sifa kwamba inajitegemea imekwenda na maji.

Kioo cha pili ni cha Kichina, inchi 5, nilikinunua Kariakoo kwa bei isiyofika robo ya Garmin mpya. Hiki hakina ramani wala akili yake. Kila kitu kinatoka kwenye simu kwa Android Auto, mfumo wa Google wa kutoa ramani ya simu kwenye kioo cha chombo, wenye iPhone wanatumia CarPlay ya Apple, na simu inabaki mfukoni au ndani ya sanduku. Mambo haya yalianza kwa wakubwa: Honda Gold Wing ya 2018 ndiyo pikipiki ya kwanza kutoka kiwandani na CarPlay. Vioo hivi vya kubandika ndivyo vilivyotushushia sisi wa cc 150.

Mwenye duka aliniambia kinakubali simu yoyote. Si kweli, na ni vizuri mnunuzi alijue hili kabla hajatoa fedha. Simu na kioo husalimiana kwa Bluetooth, kisha picha yenyewe inapita kwa Wi-Fi, na mara nyingi ni ile ya gigahezi 5. Simu nyingi za bei rahisi zina 2.4 peke yake. Halafu ili Android Auto ifanye kazi bila waya kwenye simu ya kawaida, simu iwe na Android 11 au zaidi. Yangu ya zamani iligoma kabisa. Ya mke wangu ikakubali mara moja, na mazungumzo yaliyofuata nyumbani unaweza kuyakisia. Nikanunua simu nyengine, kwa hiyo urahisi wa kile kioo upigie hesabu pamoja na simu.

Lakini ilipokubali, ilikubali hasa. Mteja anatuma lokesheni, naigusa, inafunguka Google Maps, naitia simu kwenye sanduku, nawasha pikipiki, njia iko mbele yangu. Basi. Hakuna nambari, hakuna S wala N. Akinitumia ujumbe njiani kwamba fundi usije huku, nenda kwanza kwenye nyumba ya pili, nasimama, nagusa, naondoka. Kwa siku yenye nyumba nne au tano za kuzunguka, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utarudi mjini kabla ya magharibi.

Kasoro zake ni nyingi na nazisema zote. Hakina betri ndani. Ukipiga stata, umeme wa pikipiki unashuka kidogo, na kioo kinazima na kuanza upya, kisha kinaitafuta simu tena. Garmin ina betri yake, stata haiihusu. Kwa anayezima na kuwasha kila baada ya kilomita mbili, kero hiyo ni ya kweli. Mchana mkali kinasomeka kwa tabu. Maelezo ya kwenye boksi yanajisifu, lakini mchana wa kaskazi pwani ya mashariki mimi nakiinamia na kukikinga kwa mkono. Simu nayo inachoka: inatuma picha, inasikiliza setilaiti, inapokea data, yote kwa pamoja, ndani ya sanduku lililopigwa jua. Siku moja niliitoa ikiwa imeandika kwamba joto limezidi. Tangu hapo inakaa kwenye mfuko wa koti upande wa kifua, inapata upepo.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisiifunge simu yenyewe kwenye usukani, nikaokoa fedha ya kioo. Wengi wanafanya hivyo. Jua na mvua tuviache. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone zenye kile kisukumio kidogo kinachotuliza picha, na hata kwa skuta na pikipiki ndogo wakashauri kishikio chenye mpira wa kumeza mtetemo. Wao walizungumzia iPhone, lakini simu nyengine zenye kamera ya namna hiyo zina kisukumio kile kile. Mimi kamera ndiyo ninayompigia mteja picha ya kompresa iliyoungua kabla hajaanza kubishana nami bei. Siichezei.

Pemba ndiko nilikodhani Garmin itanirudisha kwake. Nilikuwa na kazi Makangale, nikatoka Chake mapema, nikapita Wete na Konde, na ukishaingia msitu wa Ngezi mtandao unakuja na kuondoka upendavyo. Kioo cha simu kikaendelea vile vile. Watu wanachanganya mambo mawili hapa: setilaiti haihitaji intaneti, intaneti inahitajika kuleta ramani tu. Ukishapakua eneo la Pemba kwenye Google Maps ukiwa mjini kwenye Wi-Fi, simu inakuonyesha njia hata pasipo na mnara. Kwangu kinachopotea ni lokesheni mpya, kwa sababu ujumbe wenyewe haukufikii. Garmin nilikuwa nayo kwenye sanduku, nimeshaitia nambari usiku kwa raha zangu, nikaifungua kuzilinganisha. Zote mbili zikanielekeza kushoto, kijia kile kile.

Pembeni palikuwa na mzee anapalilia muhogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Usiingie huko, daraja limechukuliwa na maji tangu masika. Rudi nyuma, pita penye mnazi ulioinama."

"Ramani inasema hapa, mzee."

"Hiyo ramani imekuja lini Makangale?"

Nikageuza. Kwa hilo hakuna kifaa cha kukilaumu peke yake. Barabara zetu zinajengwa, zinabomolewa na zinahamishwa kila upande, Unguja na Pemba, na ramani inakuja nyuma kwa mguu. Google angalau hujirekebisha yenyewe simu ikipata mtandao. Ya kwenye Garmin inabaki vile nilivyoipakua hadi nikae tena na kompyuta.

Mji Mkongwe siuhesabu. Kuta ndefu za vichochoro zinayadundisha mawimbi ya setilaiti, nukta inaruka kutoka Mkunazini hadi Shangani, iwe Garmin iwe simu. Egesha Darajani, tembea, uliza.

Kwa hiyo mimi natumia kioo cha simu, pamoja na kasoro zake. Garmin nimempa mdogo wangu anayeongoza wageni kuzunguka kisiwa kwa pikipiki za kukodi. Njia zake hazibadiliki, amezihifadhi mara moja, haulizwi lokesheni na mtu, na anachotaka ni kioo kinachoonekana juani na kisichoogopa mvua. Yeye anaisifu na ana haki. Angekuwa anapeleka vifurushi mitaa ya Fuoni na Tomondo, angekuwa ameshaniletea.

Ukiamua kununua hivi vya kuungana na simu, kijaribu pale pale dukani kwa simu yako mwenyewe, si ya muuzaji, na usiondoke mpaka umeona ramani inatembea. Kitoe nje kwenye jua kabla hujalipa. Angalia kifuniko cha mpira pale waya unapoingia, maana hewa yetu ya chumvi inakula shaba kabla ya mvua kufika. Kwenye kufunga, usikubali fundi akiunge moja kwa moja kwenye betri kwa sababu ndiyo kazi ya haraka. Kitanyonya usiku kucha, na asubuhi utapiga kiki. Mwambie achukue moto kwenye waya unaowaka ufunguo ukifunguliwa, ule wa taa ya nyuma unatosha, na aweke fyuzi ya ampea 2 au 3 karibu na pale anapounga. Akikwambia fyuzi haina haja, tafuta fundi mwengine.