WvDial: programu inayokuonyesha modemu inasema nini

Naweka kumbukumbu kwenye ghala la kahawa huku Mbinga. Intaneti yetu ni modemu ya USB, Huawei E1550, yenye laini ya simu ndani, na kompyuta ni laptopu kuukuu yenye Debian, aina mojawapo ya Linux. WvDial, programu ya kuunganisha modemu na intaneti, nimeitumia misimu miwili sasa, na naisifu kwa moyo wote kwa sababu haikufichi kitu.

Ukibonyeza ile alama ya mtandao pembeni mwa skrini, inazunguka weee, kisha inakuambia imeshindikana. Imeshindikana wapi? Bando limekwisha? Mnara haushiki? Hujui. WvDial unaiita kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, kwa sudo wvdial (sudo ni kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi), nayo inakuwekea mazungumzo yote mstari kwa mstari: imetuma ATZ, amri ya kuirudisha modemu mwanzo, modemu imejibu OK, imepiga *99#, namba ya kuita intaneti, imepata CONNECT, yaani imeunganishwa, halafu inamkabidhi pppd, programu inayoendesha muunganisho, kazi ya kuomba anwani ya IP. Mazungumzo yanapokatikia, hapo ndipo pa kuanza kutafuta.

Msimu uliopita, siku ya kutuma orodha za mapokezi, kila kurasa niliyofungua iligoma. Wakulima wamekaa kwenye benchi nje wanasubiri, mimi nimeshaanza kulaumu mtandao wa simu. Nikasoma kilichoandikwa: CONNECT ipo, anwani inayoanza na 10 nimepewa, njia ya kutokea iko sawa. Mstari wa mwisho ndio uliosema kwamba DNS, seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, haijibu. Nikajaribu ping 8.8.8.8, yaani kuibisha hodi seva ya Google kwa namba bila jina, majibu yakarudi. Kumbe intaneti ninayo, ila kompyuta haina wa kumwuliza majina ya tovuti. Kufungua /etc/resolv.conf, faili linaloandikwa anwani za DNS, nikakuta 192.168.1.1, anwani ya rauta ya ofisi tuliyohama. Nikaifuta, ikakataa kufutika hata kwa sudo. Amri ya lsattr ikanionyesha herufi i: fundi aliyetangulia alilifunga faili lisibadilike. Nikalifungua kwa chattr -i, nikanakili ndani yake anwani ambazo pppd alikuwa ameshaziweka kwenye /etc/ppp/resolv.conf, na orodha zikaenda. Bila ule mstari mmoja ningenunua bando jingine bure.

Mipangilio yote iko kwenye faili moja, /etc/wvdial.conf. Amri ya wvdialconf inaitafuta modemu na kuliandika faili, lakini usiliache lilivyo. Weka Stupid Mode = 1, maana mnara hauulizi jina na nywila kama seva za simu za mezani zilivyokuwa zikiuliza; bila hiyo programu inasubiri swali lisilokuja. Jina na nywila hata hivyo lazima uandike neno lolote, la sivyo inakataa kupiga. Hili linanikera, kwa sababu anayeanza atadhani amenyimwa nywila na kampuni ya simu na kwenda kupanga foleni dukani kwao.

Ikikuambia kifaa kinatumika, mara nyingi ni ModemManager, programu nyingine ya kusimamia modemu, amekishika, msimamishe kwanza. Na lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, ikionyesha 12d1:1446, modemu bado inajitambulisha kama sidii, kwa hiyo sakinisha usb-modeswitch inayoigeuza iwe modemu, uichomoe na kuichomeka upya hadi uone /dev/ttyUSB0, jina ambalo Linux inaipa modemu.

Kitu ambacho WvDial haikupi ni nguvu ya mawimbi. Kwa hilo natumia minicom, programu ya kuiandikia modemu amri moja kwa moja, na amri AT+CSQ, inayojibu kwa namba kuanzia 0 hadi 31. Mezani kwangu, chini ya bati, napata 7. Nikiipeleka modemu dirishani kwa waya mrefu wa USB napata 16, na ule mkatiko wa kila baada ya dakika chache ukaisha.

Kwa mwenye waya wa faiba au simu ya kugawa intaneti, hii si ya kwako. Mwenye modemu ya kuchomeka na Linux, isakinishe leo ungali na mtandao, pamoja na ppp na maktaba za libwvstreams, na mafaili ya .deb ya kusakinishia yahifadhi kwenye flashi. Mimi sikufanya hivyo. Nilipanda bodaboda hadi mjini kuyapakua, nikarudi ghala limeshafungwa.