5G ya milimita: spidi ipo, ila usigeuke!

Niaje watu wangu, karibuni tena, leo nina simu yenye 5G ya mawimbi ya milimita, yaani ile ya masafa ya juu sana, kamera na kioo chake siongelei kabisa, mshaviona kila chaneli. Angalieni hapa tu. Nimesimama karibu na mnara, nabonyeza kipimo... mnaona? Imepita gigabiti moja kwa sekunde na bado inapanda! Hapa ndo wenzangu wanakata video wanawaambia kanunueni.

Subiri. Sijasogea hata hatua, naziba tu ubavu wa simu na kiganja, hivi... imeporomoka. Natoa mkono, inapanda. Naziba tena, tizama namba, chali! Sasa naupa mnara mgongo, yaani mwili wangu mwenyewe ndo umekuwa ukuta, na hapa ni nje, peupe. Naingia ndani, nipo nyuma ya kioo, vile vioo vya kuzuia joto, basi tena, simu imekimbilia 5G ya kawaida.

Kwenye gigahezi 28, moja ya masafa ya 5G hii, wimbi lina urefu wa kama sentimita moja tu, yaani milimita kumi hivi, ukuta halipenyi, kona linapinda kwa shida, mkono unalimeza, ndo maana simu hizi zinawekwa antena pande tofauti ili ukiziba hii ishike ile. Mnara nao unakufuata na mwale mwembamba kama tochi, ila kwenye majengo marefu mita mia chache tu ushaachwa. Kwa hiyo mji mzima unataka viantena karibu kila kona, kila kimoja na umeme wake na faiba yake, nani analipa? Korea Kusini kampuni zote tatu za simu zilipewa masafa ya gigahezi 28 mwaka 2018, antena hazikujengwa za kutosha, kufikia 2023 serikali ishazinyang'anya zote.

Eh, kabla sijasahau, laivu ya maswali imehamia Jumapili, na subskraibu jamani, mnaangalia bure tu.

Ila uwanja wa mpira umejaa, kila mtu anarusha video, antena zimetundikwa juu ya vichwa vyenu, hapo 5G ya milimita naisifu mimi mwenyewe, maana 5G ya kawaida inazidiwa. Mtaani? Siongezi hela kwa ajili yake. Na mkinunua angalieni toleo, maana hata Apple kwenye iPhone 12 waliziweka antena hizi kwa simu za soko la Marekani, sisi wengine tukapewa 5G ya kawaida, boksi limeandikwa 5G tu.