Unaachana na piano ya zamani? Angalia vibonyezo kabla ya sauti

Mambo wadau, karibuni tena. Leo naongea na wewe mwenye piano ya zamani ya nyuzi ambayo imefika mwisho, pini zimelegea, fundi akiituni leo wiki ijayo imeshateleza, na sa unawaza uchukue ya kidijitali ila modeli zilivyojaa huko unachanganyikiwa. Mi nakwambia mapema, ukienda kujaribu achana kwanza na sauti, angalia vibonyezo.

Sauti utaibadilisha tu baadaye, unachomeka USB kwenye kompyuta, unafungua programu ya piano, ushapata sauti nyingine kabisa. Ila vibonyezo ndo hivohivo mpaka siku unaiuza, na wewe umetoka kwenye piano ambayo kila kibonyezo kinarusha nyundo ya kweli, vidole vyako vishazoea. Kwaiyo zile za vibonyezo 61 vyepesi vya springi pita nazo mbali, unataka 88 vyenye nyundo, vya chini vizito kidogo, vya juu vyepesi.

Na uzito peke yake hautoshi. Humo ndani hakuna nyuzi, kuna sensa zinazopima umebonyeza kwa kasi gani. Zenye sensa 2, ukitaka kurudia noti ileile lazima kibonyezo kipande karibu mpaka juu, zenye 3 unarudia kikiwa bado katikati. Kwenye nyimbo za taratibu hutaona kitu, kwenye trila, yani noti mbili za jirani zinazopigwa kwa kupokezana harakaharaka, utaona.

Sasa hili watu wengi hawalisemi: urefu wa kibonyezo. Kile unachokiona nje ni kipande tu, kinaendelea ndani mpaka pale kinapoegemea, na kwenye piano nyembamba za kisasa hapo mahali pako karibu mno. Matokeo yake ukibonyeza cheupe kwa nyuma, kule katikati ya vyeusi, kinakuwa kigumu kama mlango unaousukuma upande wa bawaba. Na kodi, yani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zikiwa na shapu na flati nyingi (vyeusi vingi) zinakupeleka hukohuko nyuma! Kwaiyo ukijaribu, usipige C meja ukaridhika, piga kitu cha flati 5.

Jaribio lingine, izime kabisa kisha piga kwa nguvu. Usikie ile ko-ko-ko. Ukivaa hedifoni wewe huisikii, ila jirani wa chini anaisikia vizuri tu.

Haya, majina. Kwenye ngazi ya kwanza, Yamaha P-145 ni nyepesi kubeba na inamtosha anayeanza, ila ina polifonia ya 64, yani inatoa sauti 64 tu kwa pamoja, ukikanyaga pedali ukajaza noti, za zamani zinaanza kukatwa. Kawai ES120 ina 192, mguso wake laini, hiyo naipenda kwa mtu wa kupiga polepole. Roland FP-30X ina 256, sensa 3, vibonyezo vizito kidogo, na kwa mtu anayetoka kwenye piano ya kweli hiyo ndo ningeanza nayo. Spika zake wati 11 mara mbili, chumba kidogo sawa, ila usitegemee ule mtetemo wa ubao wa piano uliokuwa unausikia mpaka miguuni, huo hata mimi bado naumisi.

Ukiwa na hela zaidi na nafasi, tafuta zenye kabati na vibonyezo vya mbao virefu, kama Kawai za CA, au Yamaha NU1X ambayo ndani wameweka nyundo na mitambo ya piano ya kusimama kabisa, nyuzi tu ndo hakuna. Hizo ni dunia nyingine, na bei pia.

Pedali msisahau, kile kidude chepesi kinachokuja na piano nyingi kinajua kuwaka na kuzima tu, chukua inayokubali nusu pedali, yani inayojua umeikanyaga kidogo au mpaka chini, na hakikisha piano yenyewe inaikubali. Stendi za mkasi zinayumba, achana nazo.

Na ukiiwasha siku ya kwanza ukaona sauti iko juu kuliko ulivyozoea, piano haina shida. Hiyo imekaa A ya 440, yani noti ya A ya katikati ikitetema mara 440 kwa sekunde, ndo kipimo cha kawaida, ile yako ya zamani inawezekana imeshuka taratibu miaka yote karibu nusu toni na masikio yakaizoea. Kwenye mipangilio unaweza kuishusha, ila mi ningeiacha palepale.