Steshenari ya Mlandege kwa mke na mume wanaoomba viza: nendeni, ila mafaili yenu yafutwe

Kama nyinyi ni mke na mume mnataka kuhamia nje na makaratasi yenu ni ya hapa Zanzibar, ile steshenari ndogo ya Mlandege yenye mlango wa buluu, haina hata bango, naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niloizuia ntasema kwa nini. Sie tumeomba Kanada kwa njia ya Express Entry, yaani mpango wao wa ukaazi wa kudumu unaochagua watu wenye ujuzi kwa alama, mie muuguzi na mume wangu mwalimu wa skuli, na kazi yote ya kutafsiri, kuskani na kupanga mafaili tumeifanyia pale.

Bei kwanza maana ndo mnachotaka kujua. Kuskani kila ukurasa shilingi mia tano, kutafsiri cheti elfu thelathini, na kuunganisha kurasa hulipi kitu ukishaskani hapo hapo. Kabla yake tulishafika kwa wakala mwengine hapa mjini, jina silitaji, alitaka mamilioni na pasipoti zetu zikae kwake, ati viza ni ya uhakika, mume wangu akamuuliza uhakika wa vipi na anayeamua ni ofisa wa Kanada, jibu hana, tukaondoka. Huyu mama wa Mlandege neno lake la mwanzo lilikuwa, "Mwanangu, mie natafsiri, naskani, nachapa. Viza sitoi na ushauri wa sheria siuzi." Na ndivyo inavyotakiwa, sheria ya Kanada inasema anayelipwa kukushauri au kukuwakilisha kwenye maombi ya uhamiaji awe wakili au mshauri mwenye leseni ya kule. Akaunti ya maombi kwenye tovuti ya Kanada tumefungua wenyewe, imeli yetu na nywila tunaijua sisi wawili tu, hilo alilisisitiza mpaka basi.

Sasa pale alipotufaa khasa ni kwenye majina, na hapa Wazanzibari wenzangu tusikilizane. Alichukua kila kitu, pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, ZanID (kitambulisho cha Mzanzibari), cheti cha ndoa, vyeti vya fomu foo na vya chuo, akavipanga juu ya kioo cha kaunta, akaweka rula chini ya jina akawa anasoma herufi moja moja kwa sauti, akimaliza karatasi hii anahamia ya pili, penseli mkononi. Mume wangu kwenye pasipoti ni Mohamed, cheti cha kuzaliwa Mohammed, na cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa mkono kinasema Muhammed. Mie cheti cha skuli ni Fatuma na kwengine kote Fatma, halafu jina la babu limo kwenye pasipoti, kwenye cheti cha chuo halimo. Hapa kwetu hakuna wa kubisha kuwa huyo ni mtu mmoja, lakini anayesoma faili lako huko hakujui wewe wala babu yako, anaona majina matatu. Akatutuma kwa wakili tukale kiapo cha majina, kila mtu chake, kwa Kiingereza, kinataja namna zote jina lilivyoandikwa na kwenye cheti gani. Na hili la mke kubaki na jina la babake watu wanajitia wasiwasi bure, nimesikia wengine wanataka kubadilisha pasipoti kabisa, jamani cheti cha ndoa ndo kinachothibitisha ndoa, jina lako liache lilivyo.

Mume wangu somo lake ni Kiingereza kwa hiyo akasema cheti cha ndoa ntatafsiri mwenyewe tuokoe pesa. Mama akakataa, Kanada hawapokei tafsiri ya mwombaji wala ya jamaa yake hata akiwa mtaalamu vipi, na mtafsiri ambaye si wa kusajiliwa lazima aape mbele ya mwenye mamlaka ya kuapisha kwamba tafsiri ni sahihi, halafu nakala ya cheti alichotafsiri nayo iende pamoja. Yote hayo alitushughulikia kwa ile ile elfu thelathini, kuapa tu ndo tulilipa mbali.

Jengine lilotugeuzia mpango mzima, alitufungulia kikokotoo cha alama kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, ni cha bure kila mtu anaweza kukifungua, akasema jazeni mara mbili, mara ya kwanza bwana awe mwombaji mkuu, mara ya pili bibi. Sie tulishakubaliana mume ndo mkuu kwa sababu ndo mkuu wa nyumba, lakini wale hawatizami hivyo, anayetangulia ni mwenye alama nyingi na mwenzake anafuata, na huyo mwenzake matokeo yake ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, na elimu yake vinaongeza alama pia. Mie nilikuwa juu kwa mbali, na kazi za afya Kanada wana mialiko yao maalumu ya kuomba ukaazi. Umri nao ukivuka miaka 29 alama zinaanza kushuka kila mwaka, kwa hiyo hakuna kukaa kusubiri. Mume wangu nampenda zaidi kwa siku ile, alisema "basi wewe tangulia" akavuta kiti akaanza kunijazia.

Kwenye pesa mama ni mkali. Kwa watu wawili kwa mwaka 2025 walitaka uonyeshe kama dola za Kanada 19,000, na barua ya benki itaje wastani wa salio kwa miezi 6 na madeni uliyonayo, pesa ya kukopa haikubaliki. Kaka mmoja mbele yetu kwenye foleni alitaka atengenezewe steitimenti, mama akamrudishia makaratasi yake yote mkononi, "Kaka, kazi hiyo hapa haifanywi." Uongo ukigundulika Kanada wanakufungia miaka 5. Ada za serikali tulilipa wenyewe kwa kadi, dola zao 1,525 kila mmoja na 170 za alama za vidole kwa wawili, na vidole vyenyewe mpaka uvuke Dar.

Kijana wake wa kompyuta fundi kweli, faili likizidi MB 4 mtandao wa Kanada unalikataa na yeye analipunguza na mhuri bado unasomeka. Lakini ndo huyo huyo aliyeikosesha duka nyota ya tano. Anaacha mafaili ya watu juu ya kompyuta wazi, nimekaa nasubiri naiona pasipoti ya dada nisiemjua kwenye skrini, sura yake, namba, tarehe ya kuzaliwa, kila mpita njia anasoma. Nilimwambia mama akamgombeza, niliporudi siku nyengine hali ile ile. Hii si kitu kidogo, mtu anakukabidhi maisha yake yote pale. Umeme ukikatika pia kazi imesimama, jenereta hawana.

Wauguzi wenzangu, habari za leseni msiende kuuliza pale, hiyo inatolewa na jimbo utakalokwenda na ukaazi peke yake haukuruhusu kuingia wodini, anzeni mapema kufuatilia wenyewe. Maombi yetu yameshapokelewa, tunasubiri, inshaallah kheri.

Wanafungua saa mbili na nusu asubuhi, adhuhuri wanafunga mpaka saa tisa. Nendeni wote wawili na vyeti vya asili vyote kwa pamoja, ikikosekana karatasi moja majina hakagui. Chukueni flashi yenu, na kabla hamjatoka kijana afute mafaili mbele ya macho yenu, mpaka yale ya kwenye kapu la taka la kompyuta.